Mwizi wa Kooni

Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba kooni mwangu anaishi mwizi. Mwizi kabisa, mwenye mdomo wake, ananing'inia nyuma ya ulimi akingoja tonge lishuke alidake kabla halijafika tumboni, ndiyo maana nakula sinenepi, ndiyo maana mdogo wangu Hamisi anakula hanenepi, na dawa ya mwizi huyo ni kisu. Nilikuwa darasa la tatu. Niliamini. Mtoto atafanya nini zaidi ya kuamini, na wanaosema ni wale wale wanaompakulia chakula?

Mwizi huyo anaitwa kimeo. Waliotoka milimani, wanaosema Kirundi nyumbani, wanamwita ikirimi. Ni kile kijinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa kaakaa. Ukifungua mdomo mbele ya kioo ukasema "aaa" utakiona, na ukikiona mshukuru Mungu, maana mimi sina. Walikikata. Mpaka leo nikinywa maji kwa haraka yanatokea puani, na nikiongea kwa hasira, kama sasa, sauti inapita puani na watu wanadhani nina mafua.

Vita vilitutoa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, asubuhi moja, na godoro na sufuria, tukafika Buyenzi kwenye ua mmoja wenye vyumba vingi na bomba moja, tukapewa chumba. Tulikuwa wanne: mama, Bibi Mwamini ambaye ni mama yake baba, mimi, na Hamisi aliyekuwa na miaka minne. Baba alikuwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya mpaka, kwenye kazi yake ya ufundi wa magari, na njia zilipofungwa akabaki huko. Mama yangu ni mtu mnene, mwenye mikono ya kukanda unga. Sisi watoto tulirithi kwa Bibi. Shingo ya Bibi, miguu ya Bibi, mikono ya Bibi ambayo bangili haikukaa, ilishuka tu mpaka vidoleni. Watoto wa karitie, mtaa wetu, waliniita Antena. Siku zile kila nyumba ilikuwa na redio sikioni, watu wasikie wapi wamepiga, wapi wameunguza, basi wakiniona napita wananizunguka: "We Antena, leo unashika redio gani? Geuka kidogo, sauti inakwaruza!" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nililia.

Na tulikula, jamani. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba tulikula. Siku za shida ua mzima ulipika pamoja, bugali moja kubwa, maharage, mafuta ya mawese, ndagala, vile visamaki vya ziwani, zikipatikana, watoto wote sinia moja, na mimi na Hamisi tulikuwa wa mwisho kunyanyuka tukilamba vidole. Watoto wa Mama Riziki walikula kile kile, wakafura mashavu kama maandazi. Sisi tulibaki vile vile, magoti yetu makubwa kuliko mapaja.

Mama Riziki alikuwa jirani wa mlango wa pili. Aliuza sambusa pale nje, mnene, mcheshi, na hakuna jambo lililopita uani bila yeye kulitia neno. Sitamnyima haki yake: siku tuliyofika, yeye ndiye aliyetupa mkeka. Ndiyo sababu mama alimsikiliza. Mtu aliyekupa mkeka siku ya kukimbia, neno lake utalitupa wapi?

"Mama Zena," alimwambia mama siku moja, mimi nachambua maharage karibu yao, "hawa watoto wako wanakutia haya. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wengine wanasema unawanyima. Wengine wanasema... si we unajua ule ugonjwa wa sasa? Mutu mwembamba siku hizi, watu wanasema ni sida, ni ukimwi."

"Astaghfirullah! Wanakula, dada. Si wewe mwenyewe unawaona?"

"Nawaona. Sasa mutu anakula hanenepi, chakula kinaenda wapi? Kuna kitu kinakula mbele yake. Ni kimeo, mi nakuambia. Wakate. Wangu wote nimewakata, watazame!"

Na kweli ukiwatazama walikuwa wanono. Walikatwa, wakanenepa, nani angemuuliza Mama Riziki kama wangenenepa bila kukatwa, hali mama yao ni pipa na baba yao ni pipa?

Nikimkasirikia mama, na namkasirikia, najaribu kukumbuka mji ulivyokuwa. Waasi waliotoka porini walikuwa wembamba. Wagonjwa walikuwa wembamba. Wenye njaa walikuwa wembamba. Kijana mwembamba akifika kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari walimfungua shati watazame mabega, kama alibeba bunduki. Wembamba ulikuwa ushahidi tayari, kilichobaki ni watu kuchagua kosa. Na mama yangu, mgeni katika ua wa watu, mume hayupo, alitembea kila siku na ushahidi wa watoto wawili, mmoja mkononi, mmoja mgongoni.

Bibi alikuwa akipuliza mkaa kwenye imbabura, lile jiko letu la mkaa, mama alipomweleza. Hakunyanyua hata kichwa.

"Kisu hakinenepeshi mutu," akasema.

"Mama, si mimi, ni watu wanasema."

"Watasema hata ukiwakata. Zena, njoo hapa. Tazama imbabura yangu na ile ya Mama Riziki pale. Mkaa ni wa gunia moja, tuligawana jana. Yangu inawaka kali, inamaliza mkaa upesi, naongeza, inamaliza tena. Yake inakula polepole, mpaka jioni bado ina moto chini ya majivu. Nani amemwibia mwenzake?"

Nikasema hakuna.

"Hakuna. Yametengenezwa mbali mbali, basi. Baba yangu alikuwa hivi. Mi niliolewa hivi, nikazaa watoto sita hivi, nikalima hivi. Hawa watoto wanakimbia kutwa, wanacheka, hawaumwi. Waache." Halafu ndipo aliponyanyua kichwa, akamtazama mama moja kwa moja, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa sababu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa pande zote mbili. "Na nakuambia mbele ya Mungu: huyu mudogo ukimpa kisu, hatakurudia."

Mama aliingia ndani. Lakini uani hakuna siri. Mama Riziki alikuwa akikaanga sambusa hatua chache kutoka pale, na alisikia. Likumbukeni hilo neno la Bibi, maana baadaye lilifanyiwa kazi nyingine.

Mimi sasa, baada ya kusikia habari za mwizi, nilitafuta kipande cha kioo nikampeleka Hamisi kwenye jua nyuma ya choo. "Fungua." Akafungua. Nikamwona. Alikuwa mwekundu, mdogo, amelowa, na Hamisi alipovuta pumzi akatikisika, kama amejua ameonekana. Nilitupa kioo nikapiga kelele. Hamisi naye akapiga kelele kwa kuwa mimi nimepiga. Kuanzia siku ile sikuweza kula sawasawa. Tonge likifika nyuma ya ulimi nafikiri: sasa anadaka. Nilikuwa nalizungusha mdomoni mpaka wenzangu wamemaliza sinia. Hamisi alinitazama akaniiga, kama alivyoniiga katika kila kitu. Basi tukazidi kukonda, na kila tulipokonda watu wazima wakatikisa kichwa: mnaona? Kimeo kimekuwa kikubwa.

Halafu siku moja Mama Riziki akacheka. Sikumbuki alichekea nini, alikuwa mtu wa kucheka. Alikaa kwenye kiti kifupi mlangoni, jua likimpiga usoni, akatupa kichwa nyuma akacheka kicheko kile cha tumboni, mdomo wazi mpaka magego. Na mimi nilikuwa mbele yake. Nikakiona. Kinaning'inia pale, kinene, kinacheza na kicheko.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, njoo! Mama Riziki pia anacho! Kikubwa kuliko cha Hamisi!"

Ua mzima ukageuka kutazama. Nakumbuka mafuta ya sambusa yakichemka peke yake. Mama akaja, na badala ya kutazama kinywa cha jirani akanipiga kofi, kofi la haya, lile linalopigwa ili watu wengine watazame. Na Mama Riziki, hakukasirika hata kidogo, akajifuta machozi ya kicheko akasema:

"Apana, mutoto wangu. Changu kimelala. Chenu ndicho kiko macho."

Na watu wakaitikia. Wanawake wazima, wengine wamesoma, wakasema ehee, ndiyo, kuna vinavyolala. Nimefikiri juu ya jibu hilo miaka mingi. Mtoto alileta ukweli kutoka ndani ya kinywa cha mwenye uongo, akauweka hadharani mchana kweupe, na ukweli ule ukapewa kofi, uongo ukapewa kiti.

Mkataji aliitwa akaja pale pale uani, mama mmoja mtu mzima, msafi, ana kanga mbili na maneno matamu. Ilikuwa asubuhi ya zile siku tulizoziita "ville morte", vijana wamefunga mji, mawe na matairi barabarani, hakuna gari, hakuna soko, na kwa sababu hakuna soko watu wote walikuwepo nyumbani wakitazama. Bibi alikaa chumbani akafunga mlango. Alisema hatashuhudia. Nilikuwa nikitamani atoke anishike, na mlango ulibaki umefungwa, na nilimchukia kwa hilo mpaka nilipokuwa mkubwa nikaelewa kwamba alikuwa akiomba.

Nilianza mimi. Mama Riziki alinikalisha mapajani akanibana mikono, mwingine akanishika kichwa. Kisu kilikuwa kidogo, kimepinda mbele kama ukucha wa paka. Kijiko kikalala juu ya ulimi. Sitasema zaidi, maumivu ya koo hayana maneno kwa sababu ndipo maneno yanapopita. Mkataji alikitoa akakiweka kwenye jani la mgomba akamwonyesha mama: "Huyu ndiye alikuwa anakula. Tazama alivyoshiba." Na mama, mama yangu, alikitazama kile kijinyama changu kwa chuki.

Hamisi alikuwa amekimbilia nyuma ya choo. Walimrudisha akipiga mateke, akiita "Bibi, Bibi," mpaka kijiko kilipomzuia kuita. Walipomaliza hakulia sana. Mkataji akampa maji ya vuguvugu yenye majani, akampapasa shingo. "Basi, baba, basi. Mwizi hayupo tena. Sasa meza. Kila kitu ni chako, meza tu."

Na Hamisi akameza. Alikuwa mtoto mtiifu. Akakaa kwenye mkeka, ule mkeka, ameegemea ukuta, anameza, anameza. Watu walifurahi, walisema ona, ameanza kumeza vizuri. Mkataji akafunga kitambaa chake akaaga. Mimi niliona damu ikitoka mdomoni mwangu, nikaitema, nikaenda tena kutema. Kwa Hamisi sikuona kitu. Hakuna aliyeona. Ilikuwa inaingia ndani, alikuwa anaimeza yote kama alivyoambiwa.

Jua lilipopanda akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Mama akapiga kelele. Mlango wa Bibi ukafunguka kwa mara ya kwanza, Bibi akatoka akamtazama mtoto macho, akamtazama kucha, akamnyakua mgongoni bila neno, na mifupa yake ile, akatoka mbio kuelekea hospitali, mama nyuma yake bila viatu. Nilibaki na Mama Riziki, aliyekuwa akirudia, "Ni uchafu unatoka, ni uchafu tu."

Kilichotokea huko nje niliambiwa na Bibi. Barieri ya kwanza vijana waliwaacha wapite. Ya pili walikataa. Mama alipiga magoti. Kijana mmoja, amefunga shati kichwani, alisema leo mgonjwa na mzima wote wanalala kwao. Bibi akamgeuzia mgongo ili aone uso wa mtoto, akamwambia, "Mwanangu, tazama tu." Kijana hakutazama. Walijaribu uchochoro mwingine, wakakuta tairi linaungua, wakarudi, wakajaribu mwingine.

Nilikuwa nimekaa mlangoni niliposikia watu wa mwisho wa ua wakisema Innalillahi. Bibi aliingia ametangulia. Hamisi hakuwa mgongoni tena, alikuwa mikononi mwake, amefunikwa kwa kanga ya mama, na miguu yake myembamba ilining'inia nje ya kanga, ikicheza kila Bibi alipokanyaga.

Watu wengi walikufa Bujumbura miaka ile, na kila nyumba ina wake, na wakitajwa wanatajwa kwa heshima: huyu aliuawa barabarani, huyu na bomu, huyu alichukuliwa. Hamisi hayumo popote. Hakuuawa na jeshi wala na waasi, na hata wale vijana wa barieri walimalizia tu. Aliuawa na watu waliompenda, mchana, wakimpapasa shingo. Utamlaani nani? Nimejaribu. Kila laana nikiituma inazunguka inarudi nyumbani kwetu.

Na hayakuishia hapo. Unadhani mtoto akishakufa watu watasema, kumbe kisu kinaua? Siku ya tatu ya matanga Mama Riziki alikuwa ameshakaa kati ya wanawake, ameleta sambusa za msiba, na kulia alilia kweli, halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia:

"Mi najiuliza kitu kimoja. Bibi alijuaje?"

Wakageuka.

"Alisema mbele ya Mungu, mutoto hatarudi. Mi nilisikia kwa masikio yangu. Mutu anajuaje kifo mbele hakijafika? Na mutazame alivyo. Anakula kuliko sisi wote, nyama inaenda wapi? Wajukuu wake hawanenepi. Wanaliwa na nani?"

Nilimwona Bibi akisikia. Alikuwa ameshika tasbihi, na vidole vikasimama. Nilingoja mama aseme neno, neno moja tu, aseme "apana, yeye alitukataza". Mama alikuwa ametazama chini, na kwa kweli najua kwa nini: kama Bibi alikuwa mchawi, basi mama hakuwa amefanya kitu. Alipewa mlango wa kutokea akatoka. Nimezaa sasa, najua uzito wa mlango ule, na bado sijamsamehe. Bado.

Wiki ile ile watoto waliokuwa wakiniita Antena walianza kumtupia Bibi mawe akienda bombani. Neno "mrozi", yaani mchawi, liliandikwa kwa mkaa ukutani kwetu. Mpwa wake alikuja kumchukua, akampeleka Kajaga, kule ufukweni. Aliondoka na imbabura yake kichwani. Onyo lake lilitimia, na kutimia kwake ndiko kulikomfukuza. Angekosea, angekaa nasi mpaka kufa.

Nilimfuata nilipokuwa kidato cha kwanza, njia zilipofunguka kidogo. Nilikuwa bado mwembamba, sauti ya pua, maji ya pua. Alikuwa amekaa nje na sahani ya bugali na samaki wawili wakubwa, akawamaliza wote mbele yangu, akalamba mfupa, akanyoosha mkono wake ule wa kijiti akaugeuza huku na huku.

"Umeona, Zena? Kila siku nakula hivi. Huku nimemla nani?"

Alicheka. Nikacheka. Halafu akasukuma sahani pembeni, maana wote tulimfikiria yule mmoja. Alifia huko, mzee sana, mwembamba vile vile, na mtoto hata mmoja wa Kajaga hakupungua uzito kwa sababu yake.

Shuleni, mwaka mwingine, mwalimu wa biolojia alichora koo ubaoni, akachora na kile kijinyama, akaeleza kwamba kinasaidia kufunga njia ya pua mtu anapomeza. Kila mtu anacho, alisema, na akapita kwenye sentensi nyingine. Nilimgeukia mwenzangu wa dawati nikamwambia fungua mdomo. Akadhani nimerukwa na akili. Nikamwambia wa nyuma, fungua. Wote walikuwa nacho. Wanene, wembamba, watoto wa mawaziri, watoto wa wauza mkaa. Nilitoka darasani bila ruhusa.

Sasa mnajua kwa nini naogopa. Nina mtoto. Ana mwaka na nusu, nimempa jina la Bibi, na Mungu amempa na mifupa yake pia: shingo, magoti, vifundo vya mikono. Anakula, anakimbia ua wote wa Mutakura tunapoishi, analala akiwa amechoka, akiamka anakimbia tena. Nilimpeleka kwa dokta, wakapima malaria, minyoo, damu, hawakukuta kitu. Wanampima uzito kila mwezi, unapanda, polepole, kwa mstari wake mwenyewe. Muuguzi alimtazama mtoto, akanitazama mimi kuanzia miguuni, akacheka: "We mama, ulitaka uzae tembo kutoka wapi?" Ni mwili tu. Kuna mwili unaoshiba upesi, unaowaka kali, usiotulia hata ukikaa, unaomaliza mkaa kabla ya jioni. Ukimlazimisha anatapika. Ukimpa kidogo kidogo, mara nyingi, chenye mafuta na karanga, anaongezeka kidogo. Na bado atakuwa mwembamba, kama Bibi, aliyezaa sita.

Lakini mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, na ambaye ni mtu mwema, hilo ndilo linalonitisha, ni mtu mwema, mwezi uliopita alimshika mtoto kidevu akamtazama kinywani, akasema taratibu, "Mama Mwamini, huyu mutoto si ana kimeo?"

Nilisema mtoto mzima, Mama, dokta amesema. Akasema madokta hawajui vitu hivyo. Nilimwambia mume wangu, akasema tutaongea. Alhamisi moja nilitoka bombani na ndoo kichwani, nikamkuta mwanamke nisiyemjua amekaa kwenye kiti chetu kizuri, anafungua kitambaa mapajani, na mama mkwe amempakata Mwamini.

Sijui ndoo niliiweka wapi. Nilimchukua mtoto. Nilimrusha begani kwa haraka mpaka yeye akacheka, alidhani ni mchezo.

"Mama," nikasema, "mi nakuheshimu. We ni mama yangu. Lakini tazama kwanza huku."

Nikasimama mlangoni kwenye jua, nikafungua mdomo. Mama mkwe hakuelewa. Mkataji alielewa, alisogea, akatazama ndani kwa jicho la kazi.

"Huyu alikatwa vizuri," akasema, kama fundi anayesifu mshono. "Safi kabisa."

"Umesikia, Mama? Safi. Sasa nishike hapa." Nikampa mkono wangu. Vidole vyake vikazunguka kifundo na kidole gumba kikavuka kingine. "Mwizi alikatwa nikiwa darasa la tatu. Anayekula mpaka leo ni nani?"

Mama mkwe alishika mkono wangu muda mrefu. Nilimwona akifikiri, uso wake wote ulifikiri.

"Labda kimeota tena," mkataji akasema.

"Kimeote wapi?" mama mkwe akamgeukia. "Si umetazama sasa hivi, si umesema ni safi? We nawe!" Halafu akaachia mkono wangu, akajinyoosha kanga. "Bon. Funga kitambaa chako, mama. Leo apana."

Sikumweleza habari za Hamisi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, lakini nilijua wangesema: huyo alicheleweshwa, huyo kilikuwa kimeshafika moyoni, huyo alikuwa na bibi mrozi. Maiti ya mtoto wanaweza kuigeuza wanavyotaka. Koo langu walishindwa, kwa sababu liko hai na linajibu.

Zamani nilidhani imani ile ilitoka katika ujinga, na shule ingeiondoa. Siku hizi sidhani. Imetoka katika haya, katika kuogopa macho ya watu, na mama mwenye haya atampa mtoto wake kwa mtu yeyote atakayemwahidi kwamba kesho hatasemwa. Bibi aliweza kusemwa. Ndiyo nguvu yote aliyokuwa nayo, na nataka Mwamini airithi na hiyo, si mifupa tu.

Ila alisema "leo apana". Alisema leo. Mimi naenda sokoni, lazima niende, na mtoto anabaki naye. Njia nzima ya kurudi natembea nusu nakimbia. Nikifika, kabla sijatua kapu, kabla sijasalimu, namchukua Mwamini nageuka naye kwenye jua, namtekenya mbavu, hizo mbavu zinazohesabika, mpaka anatupa kichwa nyuma na kucheka mdomo wazi. Mama mkwe anasema, "Huyu anampenda mutoto wake, kila saa kumchekesha."

Natazama. Kipo, chekundu, kimelowa, kinatikisika na kicheko. Ndipo navua viatu.